Majuma ya Mitihani, Kutoka Mji wa Kale Hadi Tudor

Mwezi wa Disemba uingiapo, kisiwa chetu cha Mombasa hujaa pande zote. Treni ya Nairobi huteremsha wageni Miritini, mabasi ya bara husongamana Mwembe Tayari, na joto huwa limekaza hata vichochoroni. Krismasi si sikukuu yetu, lakini tusijifanye kuwa haituhusu, kwani likizo yake ndiyo iliyogeuka msimu wa harusi zetu. Jamaa wa Lamu, Malindi, Nairobi na hata Maskati hupata ruhusa ya kazi wakati huo, basi nasi hupanga nikahi humo humo. Na aghalabu ni katika majuma hayo, au yale yanayotangulia, ambapo watoto wetu wa chuo hufanya mitihani ya mwisho wa muhula.

Njia ya mwanafunzi wa Mji wa Kale si ndefu. Atoka Kibokoni au Ndia Kuu, ashika Barabara ya Digo, apita Buxton, naye yuko Tudor, penye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kwa tuktuk ni mwendo wa dakika chache, foleni ikiruhusu. Sisi hupita njia hiyo mara kwa mara, na asubuhi za majuma haya huwaona mabinti wa buibui wamefungua daftari magotini, midomo yachezacheza. Mgeni angedhani wanaleta uradi, kumbe ni hesabu za uhasibu.

Wasomaji wetu wa siku nyingi wajua asili ya chuo hicho. Kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo wazee hadi leo huiita MIOME. Waliochangia ni pamoja na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Kibohora, na serikali ya kikoloni nayo ikatia mkono. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951, nia ikiwa ni kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 ilifunguliwa kwa wote kwa jina jingine, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Yaani mali ya Waislamu ilitolewa ili watoto wasome, nasi leo twamwita mtoto aliye katikati ya mtihani aje kumenya vitunguu.

Kazi yenyewe si ndogo. Kwanza karo ilipwe, ndipo ipatikane kadi ya mtihani. Kuna ripoti ya kikundi ambayo wenzake watatu wamemwachia, kuna foleni ya kuchapisha kwenye saiba, kuna karatasi mbili zilizopangwa siku moja. Arudipo nyumbani, nyumba zetu za Mji wa Kale mwazijua. Ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na ngoma ya kesha la mtaa wa pili huisikia kama iko chumbani. Mabinti wengi wametwambia kuwa saa yao ya kusoma ni baada ya Alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza na wauza mahamri hawajapita. Nusu saa hiyo ya utulivu wailinda kama dhahabu.

Hapa tutasema kwa uwazi, na mama zetu watuwie radhi. Mvulana akiwa na mtihani, nyumba nzima hunyamazishwa: "Mwacheni, asoma." Dada yake mwenye mtihani siku hiyo hiyo huambiwa amalize haraka, wageni wa hina wamefika. Akikataa, huonekana kiburi, na shangazi hulikumbuka jambo hilo hadi Ramadhani. Akikubali, huingia chumba cha mtihani na macho mekundu, na akifeli somo hulirudia mwakani kwa karo nyingine, itokayo mfukoni mwa baba yule yule aliyelipia pilau. Sisi tumeozesha wengi katika Disemba za miaka mingi, na hatujaona nikahi hata moja iliyobatilika kwa kuwa binti fulani hakuwapo jikoni.

Zipo nyumba ambazo zimeanza kufanya vingine. Tunaijua moja, jirani na Msikiti wa Mandhry, ambapo bibi aliomba ratiba ya mitihani ya mjukuu wake, akaibandika karibu na friji, na tarehe ya singo ikasogezwa mbele siku nne. Wakwe walinung'unika kidogo, kisha wakakubali. Siku ya karatasi ya mwisho, wenziwe wa bara walitoka Tudor na mabegi moja kwa moja kuelekea mabasini. Yeye alipitia Marikiti kununua iliki na bizari alizoagizwa, akafika nyumbani Alasiri, akalala hadi Magharibi, na hakuna aliyemwamsha.