Kinyume cha Kujaa

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Mwalimu huyu wa Mikinduri hakuwa mtembezi. Alianza kufundisha Kiswahili katika shule za msingi za Tigania mwaka 1982, akastaafu mwaka 2019, na katika muda huo wote safari yake ndefu kupita zote ilikuwa ya Nairobi. Ilhali hapakuwa na somo lililoidai bahari kama hilo lake. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, kila mtoto wa Nyambene alitakiwa ajue dau, tanga, nanga na nahodha. Aliyetakiwa kumjuza ni mtu aliyezaliwa penye majani chai na miraa, ambaye maji mengi aliyopata kuyaona ni ya mito inayoteremkia Tana. Ngalawa aliichora ubaoni mfano wa hori la kunyweshea ng'ombe, bila ndubi wala matengo, na kwa zaidi ya miaka 30 wanafunzi wakainakili vivyo hivyo.

Kilichomwondoa nyumbani hatimaye ni mabishano. Jirani yake mmoja alikuwa amezuru Misri pamoja na waumini wenzake, akarudi na picha alizozionyesha sokoni Mikinduri kuanzia asubuhi hadi watu wakafunga vibanda. Katika picha moja alisimama Iskanderia, mbele ya ngome ya Qaitbay, iliyojengwa katika karne ya 15 mahali palipokuwa na ule mnara mashuhuri wa taa wa kale. Nyuma yake bahari ilikuwa buluu tupu. "Hapa ndipo tulipotoka," alisema, huku akiigonga picha kwa kidole.

Msomaji asiyetoka Umeru huenda akastaajabu. Wameru husimuliana kwamba wazee wao walitoka Mbwa, mahali palipozungukwa na maji, walikotumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Walitoroka wakiongozwa na Koomenjwe, na walipofika kwenye maji, maji yakawafungukia. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Na waliovuka jua likiwa limechomoza wakaitwa Njeru, weupe. Tangu Biblia ilipofika, wengi wameisoma hadithi hiyo sambamba na ile ya Musa, Mbwa ikawa Misri. Wapo watafiti, Jeffrey Fadiman akiwa mmoja wao, walioelekeza macho karibu zaidi, kwenye kisiwa cha Manda huko Lamu. Mwalimu hakuwa na upande. Alichotaka ni kuyaona maji yenyewe. Pasipoti hakuwa nayo, lakini binti yake alikuwa muuguzi Mombasa.

Walipanda treni Nairobi, ile ya reli iliyoanza kazi mwaka 2017, wakashuka Miritini giza likiwa limeingia. Kesho yake binti alimzungusha kama ilivyo desturi ya kumzungusha mgeni. Wakapita chini ya zile pembe kubwa za barabara ya Moi, wakaingia Fort Jesus. Mwelekezaji aliwaeleza kwamba Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Cairati, kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo wakaitwaa, na kwamba Waingereza waliigeuza gereza. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Hayo aliyajua vitabuni. Kilichomsimamisha kilikuwa chini ya ngome, kwenye bandari ya zamani: chombo kimefungwa, tanga limekunjwa kwenye foromali. Neno foromali alikuwa amelifundisha kwa miaka mingi kama mtu anayesema jina la marehemu asiyemjua. Alisimama hapo hadi binti akamshika mkono.

Mji wa Kale ulimpendeza, ingawa hakuusemea mengi. Kwamba Muyaka bin Haji aliishi na kutunga katika mji huo ilitosha kumfanya atembee polepole. (Ajabu ya historia ni kwamba papo hapo Mombasa, mwaka 1928, ndipo mkutano ulipoamua kuwa Kiunguja, wala si Kimvita cha wenyeji, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwalimu wa bara alirithi usanifu huo bila kuulizwa, sawa na Wamvita wenyewe.)

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, walifika ufuoni Nyali. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu. Mwalimu alivua viatu, akainua macho, na bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga uliolowa, majani ya baharini, vidimbwi, na watoto waliokuwa wakienda mbali, mbali sana, kuelekea mstari mweupe wa mwamba ambako mawimbi yalikuwa yakivunjika. Mvuvi mmoja alikuwa akitengeneza wavu kando ya ngalawa iliyolala ubavu, ndubi zake hewani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Bahari imekwenda wapi?"

Mvuvi hakucheka. "Imetoka, mzee. Maji yamekupwa. Leo bamvua, ndiyo maana yamekwenda mbali hivyo. Ikifika saa kumi yatakuwa hapo uliposimama."

Mwalimu aliketi mchangani. Binti alidhani ni uchovu, akamfungulia chupa ya maji, lakini hakunywa.

Katika miaka ya 1990 kulikuwa na msichana darasani mwake, mtoto wa askari polisi aliyehamishiwa Mikinduri kutoka Pwani. Katika insha yake aliandika kwamba asubuhi bahari ilikuwa imeondoka, nao wakatembea kwa miguu hadi kwenye miamba kuokota kaa. Mwalimu alipiga mstari kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: Bahari haiondoki. Alimpunguzia alama sita kati ya 40, akamsimamisha mbele ya wenzake aisome sentensi iliyosahihishwa. Msichana aliisoma. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini huondoka, Mwalimu." Akaambiwa aketi.

Na wiki iyo hiyo, au nyingine iliyofanana nayo, aliwauliza darasani kinyume cha kujaa, nao wakaitikia kwa pamoja: kupwa! Akawasifu.

Sasa alimsimulia binti yake habari hiyo yote, bila kujitetea. Binti alinyamaza, kisha akauliza kama watu wa Mbwa nao hawakuvuka kwa namna hiyo, maji yakiwa yamekupwa usiku na wa mwisho wakaharakishwa na jua. Mwalimu alisema hajui. Alijua tu kwamba jirani, kule Iskanderia, asingeliona jambo hili hata angekaa mwezi mzima, kwa kuwa Bahari ya Kati hupanda na kushuka kidogo sana, ilhali hapa tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu wakati wa bamvua.

"Baba, jua kali. Twende tule, tutarudi."

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi nangoja."

"Unangoja nini?"

"Yarudi."

Binti alienda akarudi na mkate wa mofa na samaki, wakala wawili chini ya mnazi. Mwalimu alijaribu kulikumbuka jina la yule msichana. La kwanza lilimjia, la baba yake halikumjia; alikumbuka kwamba aliketi karibu na dirisha, na kwamba askari yule alihamishwa tena kabla ya mwaka kwisha. Kufikia saa tisa watoto walikuwa wamerudi kutoka mwambani, na ngalawa ya mvuvi ilikuwa imeanza kutikisika. Maji yalipokaribia viatu vyake, Mwalimu alivisogeza nyuma hatua mbili, akaketi tena.