Nani Aliukagua Mzigo?

Kama umewahi kuandika "vice versa" kwenye jibu la mtihani, umeshatumia ablativu absolutu, muundo unaowatoa jasho wote wanaoanza Kilatini. Wenzetu wa sheria nao wana "mutatis mutandis" yao. Ni ndugu wa tumbo moja.

Mimi nilikutana nao seminari. Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili tu: urbe capta. La kwanza ni mji, la pili ni "uliotekwa". Yote mawili yanavalishwa umbo la ablativu, halafu yanawekwa pembeni ya sentensi kuu. Absolutu maana yake imefunguliwa, imeachiwa. Ukisema "urbe capta, askari walirudi kwao", mji si kiima wala yambwa wa kitenzi "walirudi". Unaeleza mazingira tu: mji ulipokwisha kutekwa.

Sisi tuna -ki-. Sole oriente ni jua likichomoza. Kilatini hubadili mwisho wa nomino. Kiswahili huiacha ilivyo, kitenzi ndicho kinabeba alama ya mwenyewe. Ndiyo maana ukisema "mvua ikinyesha, wamachinga wa Mtaa wa Kongo hufunika nguo kwa nailoni", hakuna anayedhani wamachinga ndio walionyesha. Ile i- ni ya mvua.

Kilatini hakina hata neno la kusema "akiwa". Kwa hiyo Cicerone consule, yaani "Cicero konsuli", ilitosha kumaanisha mwaka 63 K.K., maana Warumi walitaja mwaka kwa majina ya makonsuli wake. Usicheke. Mzee wa Kariakoo akikwambia duka lilifunguliwa Mwinyi akiwa rais, si unajua ni kati ya 1985 na 1995?

Tatizo ni kwamba urbe capta haisemi nani aliuteka mji. Ukisoma vita vya Caesar, unakisia. Kwenye hela, kukisia ni hasara.

Mama mdogo wangu anauza vitenge Kariakoo. Mwaka jana alimtumia mzigo mteja wa mkoani, na karatasi ya makubaliano ilisema: "Mzigo ukishakaguliwa, fedha italipwa." Wiki sita, kimya. Mteja alidai mzigo haujakaguliwa. Mama mdogo alidai ulikaguliwa pale pale dukani, kabla ya kupakiwa.

"Mama mdogo, nani alitakiwa kuukagua?"

"Mwanangu, si ndio ugomvi wenyewe."

Mwishowe alilipwa, lakini kodi ya fremu alishaikopea. Karatasi ya sasa tuliiandika pamoja: "Mnunuzi ataukagua mzigo siku atakayoupokea, na atalipa siku hiyo hiyo." Kilatini hakijui na hana haja nacho. Anachojua ni kuuliza nani.

Tukienda mazoezi ya kufundisha, wengi wetu tutawapa wanafunzi sentensi kumi wazigeuze kuwa kauli ya kutendwa, tusahihishe, basi. Mimi nitaongeza swali la kumi na moja: mtenda yuko wapi, na nani ananufaika asipotajwa? Anza nalo hapa hapa chuoni. Tangazo likisema "fomu zikishapokelewa, majina yatabandikwa", uliza zipokelewe na nani, na mwisho lini.