Mwizi Alikuwamo Bandani

Ndugu msomaji, iwapo unafuga ndege wachache nyuma ya nyumba, kama tufanyavyo wengi tuishio mjini ili kupunguza makali ya mshahara, nakuomba unisikilize. Kisa changu ni cha aibu, lakini huenda kikakuokolea mayai, na pengine ujirani pia.

Nilinunua bata mzinga wawili, dume na jike, kwa akiba ambayo mke wangu aliitenga kwa sare za shule za watoto. Nilimwahidi kwamba vifaranga vitairudisha. Jike akaanza kutaga. Tukaliona yai la kwanza, kubwa, lenye madoadoa ya hudhurungi. Jioni halikuwapo. Likaja jingine, nalo likatoweka. Hapakuwa na ganda wala nyayo za mnyama.

Mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka 10, alizoea kupita kando ya banda kufuata mpira wake. Sikungoja ushahidi. Nilimwendea baba yake, fundi seremala, nikamtolea maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya. Alinisikiliza kimya, kisha akamkataza mwanawe kukanyaga uani kwangu.

Jumamosi iliyofuata nilishinda nyumbani. Jike alitaga, akasimama, akaligeukia yai lake na kulidonoa. Lilipopasuka alilila lote: ute, kiini na ganda. Kikulacho ki nguoni mwako!

Nikachukua kisu. Mke wangu akanizuia. "Baba Neema, kabla hujachinja, nenda kamwombe jirani radhi."

Nilikwenda. Fundi hakunicheka, alikuja na mwanawe, akachungulia bandani, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, ndege huyu umemfundisha wewe."

Akanionyesha. Sakafu ilikuwa ya saruji, na juu yake nyasi kidogo tu. Bata mzinga ni mzito. Akikanyaga yai lenye ganda jepesi, hupasuka. Akionja mara moja, hunogewa, na wenzake humwiga. Chakula changu kilikuwa pumba na makombo ya ugali, ilhali ganda la yai hujengwa kwa madini ya chokaa. Chombo cha maji nacho kilikuwa kikavu.

Basi, msomaji, tulifanya hivi. Pembeni penye giza tuliweka tairi kuukuu, tukalijaza maranda kutoka karakana ya fundi. Tuliongeza dagaa, mchicha na maganda ya kombe yaliyotwangwa. Ukikosa kombe, tumia maganda ya mayai, lakini uyakaushe, uyachome kidogo na kuyasaga hadi yawe unga, ili ndege asiyatambue. Maji yakawapo kutwa nzima.

Fundi alichonga mayai mawili ya mti, tukayaweka kiotani. Jike aliyadonoa, akaumia mdomo bure. Mayai halisi yaliokotwa mara tu yalipotagwa. Na mwokotaji, baada ya kurudi kutoka shule, alikuwa yule mtoto niliyemwita mwizi. Tuliyahifadhi mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini, tukiyageuza kila siku. Usiyaweke zaidi ya siku 10 ukitaka vifaranga.

Siku zilipopita bila yai kudonolewa, naye jike akang'ang'ania kiota, tulimwondolea usiku mayai ya mti na kumwekea mayai 10 halisi. Sikulala vizuri usiku ule. Lakini asubuhi yote yalikuwa salama, na baada ya siku 28 vifaranga 7 vilitoka.

Sikudanganyi kwamba kila ndege huacha. Aliyezoea sana huenda asirekebike, na huyo nafasi yake ni chunguni. Lakini chunguza kwanza kiota, chakula na maji, kwani mara nyingi kosa ni la mfugaji.

Sare zilichelewa muhula mmoja, na kwa hilo mke wangu bado ananidai maelezo. Kifaranga mmoja nilimpa mtoto wa fundi. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, baba." Nilitamani anilaumu, ingekuwa nafuu kwangu. Ganda la yai huongezewa chokaa likapata nguvu, lakini neno baya likishatoka, ndugu msomaji, haliokotwi.