Sandwichi ya Mkono Wako

Rujewa, Mbarali

Mpwa wangu,

Mama yako amemaliza kupandikiza mpunga na mfereji unaleta maji. Ameniambia boom, ile fedha ya mkopo wa chuo, imekatika kabla ya mitihani, na kwamba sehemu kubwa imeishia kwenye chipsi mayai. Sikuandikii kukugombeza. Nataka ujifunze kutengeneza sandwichi zako mwenyewe, na nina sababu mbili: ya mfuko na ya moyo.

Ya mfuko utaipigia hesabu mwenyewe, maana hapo Mbeya umekaa penye neema. Pita Uyole au Mwanjelwa uone parachichi za Rungwe, maharage, vitunguu na karanga. Sosi ya Dabaga nayo inatengenezwa Iringa, jirani zetu. Kinachokosekana ni mkate na mtu wa kuamua.

Hapo kwenye kuamua ndipo ilipo sababu ya moyo. Wewe umekulia kwenye sinia. Wali wa Usangu ukipakuliwa, mpishi ameshaamua chumvi, mafuta na pilipili. Kazi yako ni kunawa na kusogea. Ni malezi mema, usiyaache. Ila anayepakuliwa siku zote anaweza kuota mvi bila kujua ulimi wake unapenda nini. Sandwichi haikupi nafasi hiyo ya kujificha. Kitunguu kibichi au cha kukaanga? Ndimu kiasi gani? Hakuna wa kumuuliza, na hakuna wa kumlaumu.

Waingereza husimulia kwamba John Montagu, bwana mwenye cheo cha Earl wa Sandwich, aliagiza nyama katikati ya mkate ili asiinuke kwenye meza ya karata. Wengine humtetea kwamba alikuwa amebanwa na kazi. Chakula hicho mwanahistoria Edward Gibbon alikitaja katika shajara yake mwaka 1762. Sisi wa majarubani hatuhitaji kesi hiyo iamuliwe. Siku ya kupandikiza, chakula kinachoshikika kwa mkono mmoja hakihitaji utetezi.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Mkate wa jana usiutupe. Ukikaa, wanga wake hujipanga upya na kukaza, moto huulegeza. Weka vipande kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka vipate rangi pande zote. Na usihifadhi mkate kwenye friji la rafiki yako, kwa sababu baridi ile huuharakisha kukakamaa.

Halafu paka mafuta kabla ya kuweka kitu kingine: siagi, karanga za kusaga, au parachichi lililopondwa. Paka mpaka ukingoni. Wewe ni mtoto wa Mbarali, unajua kwamba kingo za jaruba hujengwa kabla ya kufungulia maji. Nyanya ina maji mengi, na pasipo mafuta hayo mkate utalowa kabla hujafika darasani. Chumvi pia huyavuta maji ya nyanya, kwa hiyo inyunyize mwishoni, wakati wa kula. Parachichi likamulie ndimu ili lisiwahi kuwa jeusi.

Katikati weka ulichonacho. Maharage ya jana yapashe mpaka yakauke, yaponde, tia kitunguu na pilipili. Mimi hayo nayapenda kuliko nyama. Perege wa kukaanga aliyebaki mchambue vizuri, mwiba usisahaulike, kisha mchanganye na kachumbari iliyochujwa maji. Yai la kuchemsha lipatane na parachichi. Siku ya ukata, karanga na ndizi mbivu zinatosha. Usijaze mno: vitu vitatu vinavyosikilizana vinashinda vinane vinavyogombana. Na kila kimoja kionje peke yake kabla hujakifunika, maana ukishafunika huwezi tena kujua kosa limetoka wapi.

Utaharibu chache, na hilo halina hasara. Aliyekosea chumvi kwenye chungu amewaharibia wote chakula. Wewe utakuwa umejiharibia kipande kimoja cha mkate, na kesho utarekebisha. Ndiyo maana naona hapa pazuri pa kijana kuanzia kujiamulia mambo.

Ukishaujua ulimi wako, jifunze na wa mwenzako. Yule unayeishi naye gheto kama hali pilipili, mtengenezee isiyo na pilipili na usimhubirie. Kumlisha mtu anavyopenda yeye ni ngumu kuliko kujilisha unavyopenda wewe, na hawezi jambo hilo mtu ambaye hajawahi kujiuliza mwenyewe anapenda nini.

Boom ijayo ikiingia, nunua kisu cha meno cha kukatia mkate kabla hujapita kwa muuza chipsi. Salimia wenzako.

Mjomba wako