Dogo wa Ngarenaro, cheche na hukumu ya bosi

Jina lake naliweka kapuni, ila wana wa Ngarenaro mtamjua: dogo mmoja anayeshinda na mafundi pikipiki, mpole, mikono michafu muda wote. Juzi kati nilimshuhudia akimwokoa dereva boda na deni, na mpaka leo nalifikiria lile tukio.

Pikipiki ya mkataba imegoma kuwaka. Bosi mwenye pikipiki kaja juu: dereva kaunguza koili, ailipe, na hesabu ya siku iko palepale. Dereva ana mtoto mchanga nyumbani, hela ya kula yenyewe ya mawazo.

Dogo ana kitesta alichojiundia: betri ya volti 12, relei inayokatakata umeme, koili na plagi. Kanuni ni ileile aliyoigundua Michael Faraday kule London mwaka 1831: umeme ukibadilika ghafla kwenye waya mmoja, unazaa umeme kwenye waya wa jirani. Koili ina mizunguko michache ya waya mnene na maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, ndiyo maana volti 12 zinaingia, zinatoka maelfu.

Akafunga koili ya dereva. Cheche ikatoka dhaifu, rangi ya chungwa, mara ipo mara haipo. Bosi akadakia: "Si mnaona? Imekufa hiyo!" Kijiwe kizima kikaitikia.

Dogo hakubishana. Akachomoa betri kwanza, maana ile kitu hushiki kizembe, kisha akafunga koili ya pikipiki nyingine iliyotoka kuzimwa muda huohuo. Nayo ikatoka dhaifu vilevile.

"Mzee, hapa mgonjwa ni kitesta changu," akasema.

Akaanza kukagua kimoja kimoja. Betri: mita inasoma volti 12 na ushee. Plagi: imekaa vizuri kwenye ethi. Akafungua relei. Kumbe cheche kubwa zilikuwa zinapigwa mle ndani, kwenye vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana, vimeungua vyeusi. Umeme ulikuwa haukatiki ghafla, unaendelea kuruka pale, na koili inakosa kile kishindo inachokihitaji. Akavisugua, halafu akafunga sambamba navyo kondensa ya gari la zamani la platini. Vibati vikiachana, kondensa inaupokea umeme, hivyo kukatika kunakuwa kwa ghafla.

Tah! Tah! Tah! Cheche ya bluu, nene.

Koili ya dereva ikarudishwa: nzima kabisa! Kibovu kilikuwa ile kofia inayovalishwa juu ya plagi. Ikivaliwa tu, cheche inapotea. Na bei ya kofia huwezi kuilinganisha na ya koili. Bosi akainamia simu yake, deni likaishia hapo.

Wadau, humu mitandaoni tunapima watu kila siku. Fulani kafulia, fulani kaachika, fulani kwisha habari yake. Wengi tunashangilia majibu, ila nani anauliza kipimo chenyewe ni kizima? Dogo alianza kwa kupima kifaa chake mwenyewe, mbele ya watu, wakati kukaa kimya kungekuwa rahisi zaidi.

Angalizo: usiicheze hii karibu na petroli, wala usiishike plagi kwa mkono.

Wewe ulishawahi kuhukumiwa na kitesta kibovu? Funguka hapo chini.