Vighuba vya Menorca

Kila mwaka likizo za shule zinapokaribia, swali katika nyumba zetu huwa ni lile lile: twende wapi penye bahari? Wengi wetu tumezaliwa pwani, na watoto wetu tumewalea mbali na pwani. Tumewapeleka katika fukwe za hapa Uingereza, tukawavalisha makoti mwezi wa Julai, nasi tukakaa juu ya kokoto tukinywa chai ya kwenye chupa na kuyatazama maji tusiyoyaingia. Kwa akina mama jambo lilikuwa zito zaidi, maana kilichowazuia si baridi peke yake bali na macho ya watu. Mwenzetu wa maisha, ambaye alijua kuogelea kabla hajajua kusoma, hakuwa ameutia mwili wake baharini kwa muda wa miaka thelathini na mmoja. Ndiyo sababu tumeona tuwaandikie wasomaji wetu habari za Menorca, kisiwa tulichokizuru mwanzoni mwa Oktoba iliyopita.

Menorca ni kisiwa cha Hispania katika Bahari ya Mediterania, mdogo wake Mallorca, kama jina lenyewe linavyosema. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 700. Ni kidogo kuliko Pemba. Mji mkuu, Maó, uko mashariki penye bandari ndefu, na mji wa kale wa Ciutadella uko magharibi, na baina yao hapafiki kilomita 50. Mwaka 1993 shirika la UNESCO lilikitia kisiwa kizima katika orodha ya hifadhi zake za viumbe na mazingira. Hayo ndiyo aliyotusomea mwenzetu kutoka katika kijitabu tulipokuwa ndani ya ndege. Yaliyobaki tuliyajua kwa miguu.

Jambo la kwanza lililomshangaza lilikuwa maji kutopwa. Asubuhi ya siku ya kwanza tulisimama ukingoni, naye akauliza kwa desturi ya kwao, "Mwalimu, maji yanatoka saa ngapi?" Tukamjibu kwamba hayatoki. Katika Mediterania kupwa na kujaa ni kwa vidole tu, wala hapana bamvua wala maji mafu ya kuhesabiwa kwa mwezi. Alilitafakari jambo hilo kitambo, kisha akasema kwamba bahari isiyopwa haina pa kuokota kome wala pa kukutana na jirani. Ni kweli, na msomaji asitarajie kuiona pwani ya kwao kule.

La pili lilikuwa upepo. Sisi tuna kaskazi na kusi. Wao wana tramuntana, upepo mkali utokao kaskazini, ambao umeilaza miti ya upande huo mpaka ikawa kama watu waliokimbia wakaganda. Upande wa kaskazini miamba ni ya kale sana, myeusi na myekundu, na mchanga wa fukwe kama Pregonda na Cavalleria una rangi ya kutu. Upande wa kusini ni mawe ya chokaa, yaliyochimbwa na maji ya mvua yakawa makorongo marefu. Na kila korongo linapofika baharini hufanya kighuba chenye mchanga mweupe, magenge kulia na kushoto, na misonobari inayoshuka karibu na maji. Vighuba hivyo wenyewe huviita cala. Mwenye nyumba tuliyopanga alitufundisha kanuni moja tu: tramuntana ikivuma nendeni kusini, upepo wa kusini ukivuma nendeni kaskazini. Tuliifuata, na haikutuangusha.

Msomaji wetu akiifungua ramani ya kisiwa hiki ataona majina yatakayomfanya asite: Binigaus, Binidalí, Binibeca, Binimel·là. Hilo "bini" ni lile lile la Kiarabu, wana wa fulani, ukoo wa fulani. Kisiwa kilikuwa cha Waislamu kwa karne kadhaa, na katika karne ya 13 kilikuwa na mtawala msomi, Said ibn Hakam, aliyewakaribisha wanachuoni katika baraza lake. Mwaka 1287 mfalme Alfons wa Tatu wa Aragon alikiteka. Walioweza kujikomboa kwa fedha waliruhusiwa kuondoka. Wasioweza walifanywa watumwa. Wenye mashamba wakaondoka au wakauzwa, na majina ya koo zao yakabaki juu ya mashamba. Tulilieleza hilo kwa mwenzetu tukiwa kituo cha basi, na tangu hapo hakukipita kibao chenye neno hilo bila kulisoma kwa sauti.

Waingereza nao walikitawala, kwa vipindi vitatu kati ya 1708 na 1802, wakaacha maneno. Kwa mwalimu mstaafu hili lilikuwa tunu: chaki huko huitwa "xoc", nao hulitamka shok. Kumbe si sisi pekee tulioletewa chaki na jina lake.

Sasa tufike kwenye njia, maana bila njia vighuba hivi visingekuwa na maana kwetu. Kuna njia ya miguu inayokizunguka kisiwa chote, kilomita 185, iitwayo Camí de Cavalls, yaani Njia ya Farasi. Ilikuwa ya walinzi waliopanda farasi kuitazama bahari, na hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1558 manowari za Waturuki wa Dola ya Uthmaniya ziliuzingira mji wa Ciutadella, zikauvunja, na watu zaidi ya 3,000 wakachukuliwa mateka hadi Istanbul. Katika uwanja mkuu wa mji ule pamesimama mnara wa kuwakumbuka. Tulikaa chini yake tukala mikate, na hatukuwa na la kusema. Sisi pia tunatoka katika pwani iliyojua jahazi za kuchukua watu.

Hatari ilipokwisha njia ilisahauliwa, na wenye mashamba wengi wakafunga malango. Hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa vijana wetu walisome mara mbili. Sheria ya pwani ya Hispania ya mwaka 1988 inasema ufuko ni mali ya umma. Lakini ufuko wa umma usio na njia ya kuufikia ni wa nani? Ni wa mwenye shamba aliyeko nyuma yake, na wa mwenye mashua. Wenyeji wa Menorca waliliona hilo. Katika miaka ya 1990 walikuwa wakikusanyika na kutembea kwa makundi wakidai njia yao, na mwaka 2000 bunge la visiwa vya Balearic likapitisha sheria ya kuwapa umma haki ya kupita. Mwaka 2010 njia nzima ikafunguliwa. Leo hupita katikati ya mashamba, baina ya kuta za mawe yasiyotiwa udongo, na kwenye malango yaliyoundwa kwa vigogo vilivyopinda vya mzeituni mwitu. Unafungua lango, unapita, unalifunga nyuma yako ili ng'ombe wasitoke. Hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Wala tusidanganyane kwamba kisiwa chote kimeokoka. Cala Galdana, kighuba kilichosifiwa kwa uzuri, kina hoteli ya ghorofa nyingi iliyopandwa mchangani kabisa, na ukiitazama kutoka juu ya genge unaona jinsi vighuba vingine ambavyo vingaliweza kuwa. Ilikuwa kutoka hapo tulipoanza safari yetu ya kwanza, kuelekea Macarella, mwendo wa kama dakika arobaini wenye ngazi nyingi. Macarella ni pazuri, lakini hata Oktoba palikuwa na watu. Tukashauriana kuendelea hadi kwa mdogo wake, Macarelleta, nyuma ya genge lenye mapango. Kijitabu kilisema ni pa faragha. Hakikusema kwamba kuna waendao pale kuoga kama walivyozaliwa. Tulifika juu ya ngazi za mwisho, tukatazama chini, tukainamisha macho, tukageuza njia. Mwenzetu hakunena neno mpaka tulipofika kwenye misonobari, na hapo akacheka hata akalazimika kukaa juu ya jiwe. Wenye kwenda na watoto tumewaarifu.

Siku ya nne tulikwenda Cala Escorxada. Tuliianza njia kijiji cha Sant Tomàs, tukapita ufuko wa Binigaus, kisha njia ikapanda na kuiacha bahari. Vijana huenda kwa saa moja na robo hivi. Sisi tulichukua zaidi ya saa mbili, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu tulikuwa wapumbavu tukachukua chupa moja tu ya maji tukidhani Oktoba si majira ya kiu. Njiani hakuna duka, wala bomba, wala kivuli cha kutosha. Tulifika midomo imekauka, tukagawana machungwa mawili yaliyokuwa ndani ya mkoba, na machungwa yale hatujayasahau.

Palikuwa hapana mtu. Gari haliwezi kufika Escorxada. Kuna miguu na kuna mashua, na siku ile mashua pekee ilikuwa mbali, tanga dogo jeupe. Mchanga ulikuwa mweupe, maji yana rangi ya kijani karibu na rangi ya buluu mbali, na ukingoni palikuwa na tuta la majani makavu ya kahawia yenye urefu wa kanda. Wageni wengi huyadhani ni taka. Ni majani ya Posidonia, ambayo si mwani bali ni mmea hasa, wenye mizizi, maua na matunda, unaofanya mbuga chini ya bahari. Ndio unaoyafanya maji yawe safi kiasi kile, na majani yake yakirundikana ufukoni huukinga mchanga usichukuliwe na mawimbi ya kipupwe. Tangu 2018 amri ya serikali ya visiwa hivyo imekataza kutia nanga juu yake.

Mwenzetu alisikiliza somo hilo kwa nusu ya sikio. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu ya magenge. Kisha akatoa kwenye mkoba doti ya kanga ambayo hatukujua kama ameibeba. "Mwalimu," akasema, "hebu nenda kule njia inapoingilia, ukakae zamu kama wale walinzi wako wa farasi."

Tukaenda. Tulikaa juu ya mwamba, mgongo kwa bahari na uso kwa njia, kama nusu saa. Hatukuona kitu ila mijusi na misonobari. Lakini tulisikia: kwanza kimya kirefu, kisha ukelele mdogo wa mtu aliyeguswa na maji kiunoni, kisha maji yakipigwa kwa mikono, kisha wimbo wa utotoni ambao katika miaka yetu yote ya ndoa hatukuwahi kuusikia kinywani mwake.

Ndipo wakatokea Waingereza wawili, mume na mke, vijana, wenye fimbo za kutembelea. Tulisimama katikati ya njia, tukawasalimu kwa adabu zote, tukawauliza watokako. Walitoka Leeds. Tukawauliza kama wanajua habari za mwaka 1558. Hawakuzijua. Wasomaji waliowahi kusoma darasani kwetu watakumbuka kwamba hatujapata kushindwa kulijaza somo mpaka kengele, na siku ile tuliwapa Waturuki, tukawapa farasi, tukawapa sheria ya mwaka 2000 na chaki, mpaka nyuma yetu ikasikika sauti ya kukohoa. Mwenzetu alikuwa amesimama kwenye mchanga, amevaa kamili, ushungi kichwani, na kanga mbili zimetandazwa juu ya mwamba zikikauka. Vijana wale walikuwa wema. Walitupa chupa nzima ya maji.

Kwa watakaotaka kwenda: ndege kutoka hapa ni kama saa mbili na nusu hadi Maó, na miezi ya Mei na Oktoba nauli na nyumba huwa rahisi kuliko Agosti. Bahari ya Mei ni baridi. Ya Oktoba ina uvuguvugu uliosalia. Mabasi ya kwenda fukweni hupungua majira ya joto yakiisha, basi ulizeni ratiba kwanza. Viatu viwe vya kufunga. Maji yawe lita mbili kwa kila mtu, si chupa moja kwa wawili.

Mwenzetu amekwisha kuwaandikia dada zake wanne, mmoja Muscat, wawili Leicester na mmoja Toronto, na wamekubaliana Oktoba ijayo. Sisi tumeambiwa tunaweza kufuatana nao, kwa sharti la kukaa zamu.