Dili la vinyonga Nyakanazi na chura aliyepanda ndege akarudi

Wadau, kuna kapo moja huko Kagera nusura ivunjike kwa sababu ya kinyonga. Majina kapuni. Mkaka ni wa Biharamulo, anapiga bodaboda pale Nyakanazi, njia panda ambako malori ya Rwanda na Burundi yanapishana usiku na mchana. Mdada yuko Ngara mjini, ana kibanda cha steshenari. Mahari ilishapangwa, ng'ombe wakahesabiwa kwa mdomo, ila kwenye simu ya mkaka salio lilikuwa linatia huruma. Na pikipiki yenyewe ni ya mkataba, hesabu ya tajiri haijui mvua wala jua.

Ndipo likaja dili. Abiria mmoja mgeni akamnong'oneza kwamba anatafuta vinyonga na kobe, wazima, wasio na jeraha. Kinyonga mmoja, pesa ya siku tatu za kuzungusha boda. Wanaenda wapi? "Bustani za wanyama za huko majuu. Wanawekewa taa za joto, wanafugiwa panzi wao maalumu. Wataishi vizuri kuliko wewe."

Jamaa akacheka, ila neno likamwingia. Fikiria mtu kafugiwa panzi, wakati Kagera hii msimu wa senene ukifika watu tunagombania wenyewe! Akampigia mchumba wake kwa furaha: ng'ombe wamepatikana, mpenzi.

Upande wa pili kimya. Halafu ikaingia voisi ya dakika nne.

Mdada hakuanza na polisi. Alianza na chura. Na sio chura ile mnayoifikiria nyie wa mjini, tulieni. Ni chura wa Kihansi, kadude kadogo ka rangi ya njano kasikofika hata sentimita tatu. Makazi yake ya asili ni sehemu moja tu duniani: bonde la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, pale maporomoko yanaporusha manyunyu. Eneo la hekta chache tu. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa vitoto kamili, mambo ya viluwiluwi hana.

Sasa pale pale likajengwa bwawa la umeme, megawati 180. Mwaka 2000 maji mengi yakageuzwa kwenda kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Mwaka huo huo vyura 499 wakapandishwa ndege hadi New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Baadaye wengine wakatunzwa Toledo, mji mwingine huko huko Marekani. Wakawekwa vyumba vyao peke yao, mvua ya kutengeneza ikiwanyeshea kwa ratiba.

Jamaa akajibu haraka: "Si unaona? Hata serikali inawapeleka. Chura kapanda ndege, bibi yangu hajapanda hata basi la Mwanza. Halafu vinyonga wa kwetu wapo kibao, nikichukua kumi nani ataona?"

Hapo kwenye "kibao" ndipo alipoharibu.

Kule Kihansi pia walikuwa kibao. Walifungiwa mabomba ya kurusha manyunyu, wakaongezeka, na katikati ya mwaka 2003 idadi yao ilikadiriwa kuvuka 20,000. Miezi michache baadaye wakaanza kupukutika, na ugonjwa wa fangasi wa ngozi ni moja ya sababu zilizotajwa. Januari 2004 waliotafuta bonde zima waliona watatu tu, na wawili wengine wakasikika wakilia. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Na huko Marekani nako haikuwa starehe kama anavyosema yule abiria. Walikufa sana, mwishoni mwa 2004 wakabaki chini ya 70, mpaka watunzaji walipojua wanataka mwanga gani, chakula gani na unyevu gani.

Ila walirudi. Mwaka 2010 vyura 100 wakashushwa Dar es Salaam na kutunzwa Chuo Kikuu. Mwaka 2012 wengine wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe.

"Yule alikatiwa tiketi ya kwenda na kurudi," mdada akasema. "Aliondoka kwa vibali, kwa hesabu, na kwao pakaandaliwa ili arudi. Wa kwako anaondoka ndani ya soksi. Akifia njiani hakuna anayeuliza, akifika hakuna anayemrudisha."

Mkaka akampiga chini ya mkanda: "Wewe ongea tu, umeme unao." Mdada akakubali. Anautumia huo huo umeme, mashine ya kutolea kopi haisukumwi kwa mdomo. Ngara wenyewe wana mitambo ya Rusumo, megawati 80 za kugawana na Rwanda na Burundi. Umeme sio adui wake. Alichosema ni kwamba mtu akichukua kitu cha porini, lazima awepo wa kujua kilichochukuliwa ni nini na kimebaki kiasi gani.

Polisi akawaweka mwisho wa voisi. Usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ulisimamishwa mwaka 2016, na kumkamata tu bila kibali ni kosa. Isitoshe mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. "Ukikamatwa, tajiri wa pikipiki atatafuta dereva mwingine kesho yake. Mimi nitatafuta nini?"

Walinuniana siku nne. Siku ya tano jamaa akamblock yule abiria, bila kumwambia mtu.

Sasa msifikirie mambo yalinyooka. Kijiweni inasemekana dili lilichukuliwa na dereva mwingine, na siku hizi ana simu mpya. Ng'ombe hawajatimia. Mama mkwe ameshauliza mara mbili, na mara zote mdada ndiye aliyejibu: "Mama, anakusanya taratibu."

Haya wadau, wale wa "pesa haina harufu," mngemshauri nini huyu mkaka?